Chai Ipi?

Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na saba, na swali lililonibana kuliko yote liliulizwa na mtoto wa Konoin, katika kaunti ya Bomet, mwaka wangu wa kwanza darasani. Nilikuwa nimeandika ubaoni neno la Kiingereza, tea, na mbele yake nikaandika chai. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, chai ipi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimezaliwa maeneo hayo hayo, juu kidogo ya Mogogosiek, na nilielewa alichouliza. Kabla hajafika shuleni asubuhi ile, alikuwa ameambiwa mama ameenda chai, yaani yuko shambani. Amesikia kwamba chai ya jana ilikuwa kilo kumi na nane, yaani majani mabichi yaliyopimwa kituoni. Ameambiwa anywe chai haraka, na hapo chai ni uji, ni viazi vitamu, ni chochote cha kufungua kinywa. Na pengine babake amesema fulani ana chai, maana yake ana mali na anaweza kukopeshwa.

Maana hizi zilikuja kwa zamu, na ukizifuata moja baada ya nyingine unapata historia ya Kericho na Bomet.

Neno lenyewe limetoka Uchina kwa njia mbili. Waholanzi walilichukua katika bandari za Fujian, ambako hutamkwa te, wakalipeleka Ulaya, na Mwingereza akapata tea. Njia ya pili ilipita Uajemi na Bara Hindi, ikatuletea sisi wa Afrika Mashariki chai. Wanajeshi wa Uingereza waliokaa India walirudi kwao na neno char, kwa hiyo hata Kiingereza kina chai yake ya pembeni. Wakipsigis, watu wetu, nao walilipokea neno na kulivika mwisho wa lugha yao: chaiik.

Kogo, bibi yangu mzaa baba, alilitamka hivyo, lakini kwake kinywaji cha mgeni kilikuwa mursik, maziwa yaliyolala ndani ya sotet, kibuyu kilichopakwa makaa ya mti wa senetwet. Kumpa mgeni wa heshima chaiik peke yake aliona ni kumfukuza kwa adabu.

Mmea wenyewe ulitangulia kufika Limuru, ulikopandwa mwaka 1903. Kwetu ulikuja baada ya kitani. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Kipsigis kwa ajili ya maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeingia Kericho na vilima vikaanza kuvikwa kijani hiki mnachokiona kwenye kalenda. Wakati huo chai ilikuwa na maana moja tu kwa watu wetu: kazi ya kampuni. Kwenda chai kulikuwa kwenda kuchuna kwa mzungu, kulala kwenye laini, yaani nyumba za wafanyakazi, kuamshwa na nyapara gizani.

Baba yangu alijifunza Kiswahili huko kwenye laini, pamoja na Wakisii, Waluo na Waluhya waliokuja kutafuta mshahara. Hii ndiyo sababu maneno ya kazi yetu ni ya Kiswahili hata ndani ya sentensi ya Kipsigis: kerani, kilo, bonasi.

Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai yake. Mlango ulianza kufunguliwa na mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, mpango wa Swynnerton wa 1954; likaja shirika la mazao maalumu mwaka 1960, na mamlaka ya kuendeleza chai, KTDA, mwaka 1964. Baba aliacha kampuni akapanda nusu ekari. Hapo ndipo chai ilipobadilika maana nyumbani kwetu. Ilikuwa kazi ya kampuni, ikawa mali yetu: mama anachuna majani mawili na kichipukizi, anabeba kikapu hadi kituoni, na ikifika Oktoba tunangoja bonasi. Karo yangu ya sekondari ililipwa hivyo. Inahitajika zaidi ya kilo nne za majani mabichi kupata kilo moja ya majani makavu, na mama alijua hesabu hiyo kwa mgongo wake.

Ikishatoka kiwandani, chai hubadilika jina tena. Dukani inaitwa majani. Kikombeni ni ya maziwa au ni strungi, neno ambalo wafanyakazi walilifinyanga kutoka strong tea. Mombasa, ambako mnada wa chai ulihamia mwaka 1969, strungi huitwa mkandaa, jina la mkoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Ukivuka hadi Dar es Salaam, vijana wakikwambia "hiyo ni chai" wanamaanisha umewadanganya. Lugha ikiwa hai hufanya hivyo, na siwezi kuwagombeza.

Ila kuna maana moja ninayoikataa. Baba alipokwenda kufuata hati ya shamba lake katika ofisi moja ya serikali, karani alimwambia atoe chai kwanza. Alitoa. Kiasi hicho mama alikichuna kwa siku kumi na moja, nyingine za mvua ya mawe. Jioni baba alipotusimulia, hakutumia neno la yule karani. Alisema amenyang'anywa.

Maana nyingine za chai za kwetu zilitengenezwa na watu waliolowa umande hadi kiunoni. Hii ilitengenezwa na mtu aliyekaa kitini, akaazima jina la jasho la wengine ili wizi wake uonekane ukarimu. Kiswahili hakikuwa na upungufu: tuna hongo, tuna rushwa, tuna mlungula, tuna chauchau.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu na waandishi wa magazeti, hasa mnaoandikia wasomaji wa Kericho na Bomet: mtu akichukua hongo, andikeni hongo. Mwanafunzi wangu akiandika chai kwa maana hiyo, nazungushia duara jekundu na kumwandikia pembeni swali la yule mtoto wa Konoin: ipi?