Kati ya Ubaridi na Moto: Uamsho katika Kanisa la Bukoba

Katika barua saba zilizoandikwa kwa makanisa ya Asia, ambazo zimo katika kitabu cha Ufunuo wa Yohana, kanisa la Laodikia halikupata hata neno moja la sifa. Halikushtakiwa kwa uzushi wala kwa ibada ya sanamu. Shtaka lake lilikuwa moja: uvuguvugu. Laodikia ulikuwa mji wa matajiri, wenye wafanya biashara ya fedha na sufu nyeusi iliyosifika. Tetemeko la ardhi lilipoubomoa mwaka 60 B.K., wenyeji waliujenga upya kwa mali yao wenyewe bila kuomba msaada wa Kaisari. Wakristo wa mji huo nao walijiona hawahitaji kitu. Hapo ndipo ugonjwa wao ulipoanzia.

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni haki kumshukuru Mungu kwa majengo, kengele, kwaya na watoto wengi waliobatizwa. Hata hivyo historia ya Kanisa la Kilutheri huko Bukoba, magharibi mwa Ziwa Victoria, inafundisha kwamba hatari kubwa ya Kanisa haikuja siku za taabu. Ilikuja siku za neema, kwa mlango wa mafanikio. Historia hiyo hiyo inafundisha pia jinsi moto uliofifia unavyoweza kuwaka tena.

Walioanza bila kutumwa

Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910. Lakini hawakuwa wa kwanza kuleta Injili ya Kiprotestanti katika nchi ya Wahaya. Kabla yao walikuwako Wahaya waliokuwa wamekwenda Buganda, wakajifunza kusoma huko na kurudi nyumbani na Neno la Mungu katika lugha ya Kiganda. Biblia nzima katika lugha hiyo ilikuwa imekamilika mwaka 1896. Waliitwa wasomaji, kwa kuwa kusoma na kuamini vilikuwa jambo moja machoni pa watu.

Watu hao hawakuwa na mchungaji, hawakuwa na mshahara, wala hawakuwa na jengo la ibada. Walikutana majumbani katika vikundi vidogo, wakasoma, wakaomba na kuwafundisha jirani zao herufi. Hakuna bodi wala chama kilichowatuma. Walisema yale waliyoyaona kuwa ni uzima. Hivyo wamisionari walipofika walikuta mbegu imekwisha kupandwa na wenyeji wenyewe.

Jaribu la kwanza lilikuja upesi. Mnamo Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalivuka ziwa na kuushambulia mji wa Bukoba, na baadaye Wajerumani wakaondoka katika nchi. Kanisa changa, lililokuwa limepata malezi ya miaka michache tu, likabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wa Kihaya. Hao ndio waliokusanya watu siku ya Bwana na kuendeleza mafundisho. Baadaye Wamethodisti kutoka Afrika Kusini walisaidia kwa muda, na katika miaka ya 1920 wamisionari wa Betheli wakarudi. Walilikuta Kanisa lingali hai. Lililokuwa halina kitu lilikuwa limesimama.

Moto huzaa majivu

Wahenga walisema moto huzaa majivu. Baada ya vita Bukoba ilibadilika. Kahawa, ambayo Wahaya waliijua tangu zamani, ikawa zao la biashara na kuleta fedha ambazo wazee hawakupata kuziona. Shule zikaongezeka, na shule nyingi zilikuwa za misheni. Jina la ubatizo likawa dalili ya elimu, na elimu ikawa njia ya kupata kazi. Kijana aliyeingia darasa la ubatizo hakulazimika tena kuhatarisha chochote. Wale wa kwanza waliulizwa na jamaa zao kwa nini wamekuwa Wakristo. Watoto wao wangeulizwa kwa nini hawajawa.

Ndivyo ubaridi unavyoingia. Hauji kwa kumkana Kristo hadharani. Watu huhudhuria ibada, hutoa sadaka na kuzika wafu wao kwa heshima ya Kanisa. Lakini Jumapili na Jumatatu huacha kujuana. Mtu hukaribia Meza ya Bwana hali ana ugomvi na ndugu yake uliokaa miaka. Mwingine husali mchana, na usiku huenda kwa mganga. Kwa kuwa taratibu zote zinafuatwa, hakuna anayeona kasoro.

Swali la Blasio Kigozi

Hali hiyo haikuwa ya Bukoba peke yake. Katika Kanisa la Anglikana la Uganda na Rwanda wapo walioiona na kuumia moyoni. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, aliyekuwa akitumika katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Mashariki ya Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali, na nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Juu ya kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wawili hao walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Mwafrika na Mzungu walipiga magoti pamoja kama wakosaji wawili mbele ya msalaba, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile za ukoloni.

Ndugu mdogo wa Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu. Mwanzoni kazi ilimlemea, na matunda hayakuonekana. Kisha yeye mwenyewe akageuzwa upya, na tangu hapo mahubiri yake yakawa na uzito mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 1936 alikuwa amejiandaa kulikabili baraza la Kanisa huko Kampala kwa maswali matatu. La kwanza lilihusu chanzo cha ubaridi na ufu uliokuwa umelishika Kanisa. La pili lilihusu watu waliozoea kuikaribia Meza ya Bwana huku wakiishi katika dhambi iliyojulikana. La tatu lilihusu njia ya kuleta uamsho. Neno lake kuu lilikuwa moja la Kiganda, “Zukuka”, yaani Amka.

Kigozi hakuwahi kuyauliza. Homa ya papasi ilimchukua Januari 1936, kabla ya baraza kukutana, naye alikuwa bado kijana. Lakini maswali yake yalifikishwa, na kifo chake kiliyapa nguvu kuliko hotuba yoyote. Ni vema kutambua kwamba hakuyaelekeza kwa wapagani wala kwa wazushi. Aliyaelekeza kwa viongozi wa Kanisa lililokuwa likikua, lenye shule, hospitali na makanisa yaliyojaa watu.

Uamsho wafika Buhaya

Kutoka Rwanda na Uganda uamsho ulivuka mipaka, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umefika Bukoba. Wakati ule ule vita vya pili vya dunia vilianza mwaka 1939, na wamisionari wa Kijerumani wakawekwa kizuizini. Kwa mara ya pili katika muda wa miaka thelathini Kanisa la Bukoba lilipoteza wachungaji wake wa kigeni. Kwa mara ya pili Mungu aliwasha taa kwa mikono ya wenyeji. Wasweden walikuja kusaidia, miongoni mwao mwanahistoria Bengt Sundkler, aliyefika mwaka 1942 na ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1961, alikuwa askofu huko.

Walioguswa na uamsho waliitwa Balokole, maana yake waliookoka. Walitubu hadharani, na toba yao haikuishia midomoni. Walirudisha vitu vilivyoibwa, walilipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa, na waume waliwaomba wake zao msamaha. Katika mikutano yao mwanamke aliweza kusimama na kushuhudia mbele ya wanaume, na mkulima asiyejua kusoma aliweza kumwonya mwalimu. Walitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji wakihubiri, kwa chakula chao wenyewe. Umisionari haukuwa tena kazi ya Wazungu wala ya waajiriwa wa Kanisa. Ukawa pumzi ya kila aliyeamini.

Hata hivyo historia ya kweli haifichi upande wa pili. Bidii nayo ina kishawishi chake. Wapo waliojiona wao peke yao ndio Kanisa, wakawahukumu wachungaji na wazee kuwa hawajaokoka. Mikutano ya usiku, vilio na maungamo yaliyotaja majina ya watu wengine yalileta uchungu katika nyumba nyingi. Kwa upande mwingine, wapo viongozi waliopenda utulivu kuliko uzima, na kila machozi ya toba wakayaita wendawazimu. Katika miaka ya 1950 sehemu ya wanauamsho walijitenga na kuanzisha kanisa lao. Jeraha hilo liliwauma wote, kwa kuwa ndugu walitengana na ndugu, na ukoo ukagawanyika.

Moto uliobaki jikoni

Wengi, lakini, hawakuondoka. Mmoja wao alikuwa Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925. Uamsho ulimgusa akiwa kijana, naye hakuuona kuwa sababu ya kulikimbia Kanisa wala kisingizio cha kudharau elimu. Alisoma Betheli nchini Ujerumani na baadaye Boston nchini Marekani. Mwaka 1964 akawa askofu Mwafrika wa kwanza wa Kanisa lake la nyumbani, akimpokea Sundkler. Maishani mwake kitabu na ushuhuda vilikaa pamoja.

Juni 1977 wajumbe wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni walikutana Dar es Salaam, nao wakamchagua Kibira kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Aliishika hadi mwaka 1984. Mkutano huo huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi uliokuwa ukitawala Afrika Kusini si suala la siasa tu; unagusa ungamo la imani, hivyo Kanisa haliwezi kuwa vuguvugu mbele yake. Wasomaji wale wachache wa Buhaya, waliokutana majumbani bila mchungaji, walikuwa wamezaa Kanisa lililomtoa kiongozi wa Walutheri wa ulimwengu. Askofu Kibira alilala katika Bwana mwaka 1988.

Urithi na swali

Historia hii inaonyesha mambo matatu. Kwanza, Kanisa halikubebwa na waliokuwa na vyeo pekee. Lilibebwa na watu waliotoa moyo wote, wakiwamo wengi ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Pili, ubaridi hauponywi kwa kumnyoshea mwingine kidole. Nsibambi, Church na Kigozi walianza kwa kujihukumu wenyewe, na hapo ndipo wengine waliposikia. Tatu, moto unaotolewa nje ya jiko huunguza nyumba, na jiko lisilo na moto halipiki chakula. Bidii inahitaji Kanisa, na Kanisa linahitaji bidii.

Mtume Paulo alimwandikia Timotheo, kijana wa kizazi cha tatu katika imani baada ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, akimtaka aichochee karama iliyo ndani yake. Hakumwambia atafute moto mpya. Kila mama ajuaye kupika kwa kuni anaelewa: asubuhi hupekua majivu, hulitafuta kaa lililosalia, hulipuliza na kulitilia kuni. Kizazi cha kwanza cha miaka mia moja kiliacha kaa chini ya majivu. Swali la Blasio Kigozi, ambalo hakujaliwa kuliuliza kwa kinywa chake, linabaki mezani pa baraza la wazee, katika kwaya, katika jumuiya na katika kila nyumba ya Mkristo. Walioimba shukrani kwa miaka mia iliyopita ndio waliokabidhiwa kulijibu kwa miaka mia ijayo.

Bwana wa Kanisa awajalie kuamka.