Mkono Kabla ya Penseli: Malezi ya Misuli Midogo kwa Watoto wa Rubwera

Mtoto wa darasa la awali anayeshika penseli kwa ngumi nzima hadi akatoboa daftari huitwa mvivu, pengine mzito wa akili. Hukumu hiyo inamwonea. Mifupa minane ya kifundo cha mkono huanza ikiwa gegedu, na hukomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka kadhaa, hata baada ya mtoto kuanza shule. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014 imefanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na Kuandika ni mojawapo ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu). Lakini mkono unaotakiwa kuandika hauwezi kuandaliwa na mwalimu peke yake ndani ya mwaka huo. Huandaliwa nyumbani, na wakubwa wanaojua wanachokiandaa.

Katika utafiti uliochapishwa 1979, mwanasaikolojia Robert Serpell alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester. Wa Manchester waliwashinda wenzao kwa kalamu na karatasi. Wa Lusaka waliwashinda kwa kuunda vitu vya waya. Kwenye udongo wa kufinyanga walilingana. Mkono, basi, hustadi katika kile ulichozoezwa. Hapa Rubwera, kwenye kahawa na migomba, mazoezi hayakosekani. Mtazame mtoto anayechambua maharage kwenye ungo: kidole gumba na cha shahada vinakutana juu ya kijiwe, macho yanaongoza, mkono wa pili unatuliza ungo. Ushirikiano huohuo ndio unaohitajika kuandika herufi “a” bila kutoka nje ya mstari. Kupukuchua mahindi, kusuka mpira wa majani makavu ya mgomba, kukunja waya wa kigari, vyote ni mtaji. Kinachopungua ni mtu mzima wa kuuvusha hadi kwenye herufi: amwache mtoto achore kwa kijiti mavumbini, ampe kipande kifupi cha chaki kinachovilazimisha vidole vishike vyema, naye asimharakishe.

Wapo watakaosema mkono hukua wenyewe. Lakini utafiti wa Charles Super miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, uliochapishwa 1976, ulionyesha kuwa watoto waliwahi kukaa na kutembea, mambo waliyofundishwa makusudi na wazazi. Katika yale wasiyofundishwa hawakuwa mbele. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hoja hii itahalalisha utumikishaji. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na mpaka huo usiguswe. Kuchambua kiganja cha maharage kando ya bibi, huku mtoto akizungumzishwa na akiwa huru kuinuka akichoka, ni malezi. Kuchambua gunia ili likauzwe ni kazi. Wazazi na walimu wa Rubwera wakutane walizungumze hili kabla ya mtoto kuandikishwa, wasisubiri daftari litoboke.