Mpangilio wa Siku, Rika na Usonji katika Nchi ya Wanyakyusa

Busale imo wilayani Kyela, katika nchi ya Wanyakyusa iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kati ya miaka 1934 na 1938. Kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kinaonyesha kwamba siku ya mvulana ilifuata mkondo unaojulikana: alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake, na alipofikia umri wa miaka 10 hivi alihamia kijiji cha rika, yaani makazi ya vibanda yaliyojengwa na wavulana wenyewe, ingawa waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kwa kundi nyumba hadi nyumba.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na kumfanya mtoto ashikilie mazoea, na Leo Kanner alipoueleza nchini Marekani mwaka 1943, utafiti wa akina Wilson ulikuwa umekwisha. Kwa mtoto wa namna hiyo, yamkini kazi inayojirudia kila asubuhi ilikuwa nafuu, lakini *ukwangala*, yaani kufurahia maongezi na ushirika wa wenzake, uliohesabiwa kuwa adili kuu, ulikuwa mzigo.

Mbinu za kuwafundisha watoto wenye usonji zilizoenezwa na Eric Schopler huko North Carolina tangu 1972 hutenganisha mambo hayo mawili: picha za ndoo, sahani na daftari hupangwa kwa mfuatano, naye mtoto huondoa kila moja kazi inapokwisha, bila kulazimishwa kuzungumza.