Link, O. Winston
O. Winston Link (1914–2001), mzaliwa wa Brooklyn aliyesomea uhandisi wa ujenzi, alikuwa mpigapicha wa matangazo wa Marekani. Kati ya 1955 na 1960 alipiga picha magarimoshi ya mwisho ya mvuke ya kampuni ya reli ya Norfolk and Western, mengi usiku. Wapo wasiozikubali kuwa kumbukumbu kwa sababu alizipanga: aliwaweka watu mahali alipotaka, akatandaza nyaya za taa, na katika “Hotshot Eastbound” (1956) ndege ionekanayo kwenye skrini ya sinema iliongezwa baadaye. Hoja hiyo ina uzito, ila haifiki mbali. Injini na mvuke vilikuwa halisi, na wakazi pia. Bila ufundi wa matangazo, giza lile lisingetoa picha zaidi ya taa ya mbele ya garimoshi.