Fanya Juu: Jinsi Udongo Ulivyokuza Serikali Ukambani

Ushuru ukipanda tu, sisi huanza kutafuta wa kulaumiwa. Mmoja atakwambia ni ujamaa, serikali inataka kushika kila kitu. Mwingine atasema ni ubepari, matajiri wanahitaji dola ya kuwalinda. Mimi nikisoma historia ya Kitui na Makueni naona itikadi nyingine kabisa, isiyo na chama wala bendera. Ni imani kwamba mwananchi anaharibu ardhi yake mwenyewe, kwa hivyo lazima aokolewe, atake asitake.

Imani hiyo ilikuja na hofu kutoka mbali. Miaka ya 1930, dhoruba za vumbi zilipeperusha udongo wa mashamba huko Marekani, na mwaka wa 1935 serikali ya huko ikaunda idara nzima ya kuhifadhi udongo. Habari zikawafikia wakoloni wa Kiingereza hapa Kenya. Walipotazama vilima vya Ukambani vilivyochimbwa na makorongo, wakaona janga lile lile likija. Wakaamua tatizo ni ng'ombe: Wakamba wana mifugo kupita kiasi. Kwamba hao Wakamba walikuwa wamefungiwa ndani ya mipaka ya rizavu huku walowezi wakipewa ardhi jirani, hilo halikuzungumziwa sana.

Mwaka wa 1938, huko Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, serikali ilianza kuchukua ng'ombe kwa lazima na kuwauza kwa bei ya kutupa. Na kwa bahati gani sijui, kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa ndio kinaanza kazi Athi River. Uhifadhi na biashara wakawa marafiki.

Julai ya mwaka huo, Wakamba kwa maelfu waliingia Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Lakini uchukuaji wa ng'ombe kwa lazima ukasitishwa. Wewe unayekatiza Jeevanjee ukienda City Market, barabara unayovuka ina jina lake.

Ungedhani baada ya hapo serikali ilirudi nyuma. Wapi! Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilirudi na maofisa wengi zaidi na pesa zaidi. Machifu waliwatoa watu kwenda kuchimba matuta kwa lazima. Makueni, ambako kulikuwa na vichaka na mbung'o, kulifyekwa na kufunguliwa mradi wa makazi. Ukikubali kuhamia, unapata shamba, lakini pamoja na shamba unapata masharti: idadi ya mifugo, namna ya kulima, namna ya kuzuia maji. Wengi walisita mwanzoni, na mimi siwashangai.

Kuna aina ya tuta lililoenea kutoka Ukambani ambalo wataalamu duniani wanaliita "fanya juu", kwa sababu unachimba mtaro kisha unarusha udongo upande wa juu. Kiswahili kimeingia kwenye vitabu vya kilimo. Ila sikiliza jina lenyewe: ni amri.

Uhuru ulipokuja, Waraka Namba 10 wa mwaka wa 1965 ulitangaza Ujamaa wa Kiafrika. Lakini waraka huo huo ulilinda mali ya mtu binafsi, na mwananchi wa kijijini alikutana na chifu yule yule, mwenye sheria ile ile ya kumwamuru. Sheria ya Mamlaka ya Machifu ilipunguzwa makali mwaka wa 1997, zaidi ya miaka 30 baada ya bendera kubadilika. Kama ni jina la itikadi ndilo linalokuza serikali, hapa lilifanya kazi gani? Kilichobadilika ni neno. Uhifadhi uliitwa maendeleo, na kazi ikaendelea.

Kisha ugatuzi. Mwaka wa 2015 Makueni ilipitisha sheria ya mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Mwaka wa 2018 Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga kwenda nje ya kaunti. Hoja ni ile ya 1938: mkiachwa, mtamaliza.

Shida ni kwamba hoja yenyewe si uongo. Mito yetu ya msimu huficha maji ndani ya mchanga. Ukibeba mchanga wote na malori, kina mama watachimba visima vikavu. Mmomonyoko wa udongo pia ulikuwa wa kweli. Lakini angalia nani aliuponya. Kati ya miaka ya 1930 na 1990, watu wa Machakos na Makueni waliongezeka kutoka karibu 240,000 hadi kama milioni 1.4, na bado matuta yakazidi na mmomonyoko ukapungua. Matuta yalishika kasi pale kazi ilipoachiwa mwethya, vikundi vya kusaidiana vilivyojichagulia viongozi, na pale mkulima alipopata soko la mazao yake. Serikali ilisaidia. Amri peke yake haikutosha.

Ndiyo maana swali la serikali kubwa au ndogo linanichosha. Leo neno jipya ni tabianchi, na litaleta idara zake, vibali vyake na faini zake. Mchoma makaa wa Mutomo hana mifugo wa kunyang'anywa wala Gavana wa Kiingereza wa kumwendea Nairobi. Ana kura, na ana kikao cha maoni ya umma ambacho tangazo lake mara nyingi humfikia kikiwa kimeisha. Wanaotaka kumwokoa waanzie hapo: wamwite kabla sheria haijaandikwa.