Darajani Pasipo Daraja

Mgeni afikaye Darajani, mjini Unguja, hukuta Marikiti iliyojengwa mwaka 1904, magari na wachuuzi, daraja halioni. Nalo lilikuwapo. Hori la bahari, wenyeji wakiliita Pwani Ndogo, lilipita hapo na kuutenga Mji Mkongwe na mitaa ya mashariki. Wakaazi wa majumba ya mawe wakaiita mitaa hiyo Ng'ambo, yaani upande wa pili wa maji. Hori lilifukiwa kidogo kidogo, na kabla ya Mapinduzi ya 1964 lilikwisha kutoweka. Barabara ikapita juu yake.

Majina hayakufukiwa. Ng'ambo ni neno la aliyesimama Mjini. Kwa aliyezaliwa huko, ni kwao. Huko ndiko alikokaa Siti binti Saad, na nyimbo zake zikavuka daraja bila kuomba ruhusa ya mtu.

Basi tuwaulize wazee wetu majumbani: nani katika ukoo alivuka kila asubuhi, alibeba nini, na alivuka kumtumikia nani? Wakiondoka bila kuulizwa, Darajani litabaki jina la soko tu.