Benchi ya Urafiki huko Zimbabwe

Friendship Bench, maana yake Benchi ya Urafiki, ni shirika la Zimbabwe linalosaidia watu wenye huzuni nzito. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alilianzisha mwaka 2006 pamoja na wamama wazee 14 wa Mbare, mtaa wa mji wa Harare, kwa sababu madaktari kama yeye walikuwa wachache mno.

Mateso hayo Washona huyaita *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Mgonjwa huketi na mama kwenye benchi, nje ya kituo cha afya. Mama husikiliza kwanza, kisha wanachagua pamoja tatizo moja la kushughulikia.

Utafiti wa watu 573 ulitolewa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, huzuni nzito ilionekana kwa asilimia 14 ya walioketi kwenye benchi, na asilimia 50 ya waliopata matunzo ya kawaida. Kumsikiliza mtu pia ni matunzo.